Sauti Iliyofungwa na Ufunguo Wake

Wengi kati yenu mlikuwa na mashini ya kaseti nyumbani, au mliiona kwa jirani. Kaseti ilitolewa na kampuni Philips ya Uholanzi mwaka 1963, na kwa miaka mingi watu wa mjini na wa kijijini walisikiliza nyimbo kwa njia yake. Juu ya mashini nyingine palikuwa na kifungo kidogo chenye jina la Dolby. Mwenye mashini alikibonyeza, akasikia sauti imekuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyefunika kinywa kwa kitambaa. Akakiachia, na sauti ikarudi kuwa kali na yenye kung'aa. Basi wengi wakasema: «Kifungo hiki kinaharibu nyimbo.» Hawakukigusa tena mpaka mashini ikafa.

Je, walikosea? Kama kaseti ile ilinaswa bila Dolby, hawakukosea. Lakini kama ilinaswa kwa Dolby, sauti ile kali waliyoipenda haikuwa sauti ya waimbaji. Ilikuwa sauti iliyofungwa, nayo ilikuwa haijafunguliwa bado. Walishika kifurushi wakidhani ndiyo zawadi yenyewe.

Kwa kaseti ya nyumbani jambo hili ni dogo. Lakini ni kubwa kwa kanda za asili, zile pana ambazo nyimbo zilinaswa kwanza ndani ya studio za Ulaya na Marekani, hasa tangu mwaka 1966 mpaka mwisho wa karne iliyopita. Leo mafundi wanazitoa ghalani ili kuzihamisha katika kompyuta kabla hazijaoza. Wengi walioimba wamekwisha kufa. Wengi walionasa sauti zao wamekufa pia. Hapo linatokea swali ambalo ni la ufundi na la dhamiri pamoja: mtu aliyepokea sauti ya mwenzake asiyeweza kujibu tena, anawiwa nini naye? Tulitazame polepole.

*Kanda inavyoshika sauti*

Kanda ya sauti ni utepe mwembamba uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer, aliyekaa Dresden katika Ujerumani, alibandika unga wa namna hiyo juu ya ukanda wa karatasi. Mwaka 1935 kampuni AEG ilionyesha mjini Berlin mashini yake iliyoitwa Magnetophon. Sauti hugeuzwa kuwa umeme, na umeme hupanga nguvu ya sumaku katika chembe za unga. Kanda ikipita tena mbele ya kichwa cha mashini, chembe zinatoa umeme uleule, na sauti inarudi.

Lakini chembe hizo ni nyingi mno, nazo hazinyamazi kabisa. Hata mahali ambapo hakuna mtu aliyesema neno, kanda inatoa mvumo kama mvua ya mbali juu ya majani. Nyimbo ikiwa na nguvu, mvumo hausikiki. Nyimbo ikishuka na kuwa ya upole, mvua ile inasikika.

Baadaye mafundi walitaka kila muimbaji na kila chombo kiwe na njia yake peke yake juu ya kanda, ili waweze kupanga sauti zote kwa utulivu baada ya waimbaji kwenda zao. Kanda yenye upana wa inchi 2, ndiyo karibu sentimita 5, ikapewa njia 16, halafu 24. Ilikuwa faida kubwa, lakini ilikuja na hasara yake. Kila njia ina mvumo wake, na njia zikichanganywa, mivumo inajumlishwa. Idadi ya njia ikiongezeka maradufu, mvumo unapanda kwa desibeli 3. Kwa hiyo njia 16 pamoja zina mvumo ulio juu kwa desibeli 12 kuliko njia moja.

*Dawa ya Bwana Dolby*

Ray Dolby alikuwa Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1933. Alipokuwa kijana alifanya kazi katika kampuni Ampex, iliyotengeneza mashini za kanda. Baadaye alisoma fizikia huko Cambridge katika Uingereza, kisha tangu 1963 mpaka 1965 alifanya kazi India kwa ajili ya UNESCO. Mwaka 1965 alianzisha kampuni yake mjini London, na mwaka 1966 kampuni ya sahani za muziki iitwayo Decca ilianza kutumia chombo chake, ambacho mafundi walikiita Dolby A.

Tufahamu kazi ya chombo hicho kwa mfano. Mtoto mdogo anataka kusema mbele ya watu wakati mvua inapiga bati. Baba yake anampandisha juu ya kiti, na sauti yake inapita juu ya mvua. Mtu mzima mwenye sauti kubwa hahitaji kiti. Ndivyo Dolby A inavyofanya wakati wa kunasa: sauti za upole inazipandisha kwa desibeli 10, na zile nyembamba za juu kabisa mpaka desibeli 15; sauti kubwa inaziacha zilivyo. Inapima sauti katika mafungu manne, tangu zile nzito mpaka zile nyembamba, na kila fungu lina hukumu yake.

Wakati wa kusikiliza, chombo cha pili kinafanya kinyume: kinamshusha mtoto kitini mpaka kimo chake cha kweli. Lakini tazama, mvua ya kanda iliingia katikati, baada ya kupandishwa na kabla ya kushushwa. Basi mtoto akishuka, mvua inashuka pamoja naye. Sauti imerudi kama ilivyokuwa, na mvumo umepungua.

Hapo ndipo penye wajibu. Anayeshusha lazima ajue kabisa kiasi alichopandishwa mtoto. Kwa sababu hiyo mafundi walinasa mwanzoni mwa kanda mlio maalumu wa kipimo, wenye kutetema kidogo kila mara, ili fundi wa baadaye aweze kulinganisha mashini yake na ile ya kwanza. Tena vilikuja vyombo vingine. David Blackmer alianzisha dbx huko Marekani mwaka 1971. Chombo chake kinabana sauti yote, ndogo na kubwa, kwa nusu ya kipimo cha desibeli, na wakati wa kusikiliza kinairudisha maradufu. Mwaka 1986 ikaja Dolby SR. Kila kufuli ina ufunguo wake. Ukifungua Dolby A kwa ufunguo wa dbx, unaharibu nyimbo kuliko kama usingefungua kabisa.

*Wajibu wa kwanza: kujinyoosha kabla ya kunyoosha wengine*

Sasa fundi wa leo ana sanduku mbele yake. Afanye nini kwanza?

Mara nyingi hawezi hata kuizungusha kanda. Gundi ya kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 inakunywa maji ya hewani. Inakuwa laini, inanata, na kanda inalia na kuacha unga wake juu ya mashini. Dawa yake inashangaza: kanda inapashwa moto wa polepole, karibu nyuzi 54 za Selsiyo, kwa saa nyingi. Ikipoa, inaweza kuzungushwa kwa siku au majuma machache, kisha ugonjwa unarudi. Lakini kuna kanda za namna nyingine, zile kuukuu za asetati, ambazo moto huo unaziua. Basi mwenye haraka anaweza kuangamiza kitu kwa tendo lile aliloliita dawa.

Kanda ikiwa tayari, kichwa cha mashini lazima kisimame sawasawa na alama zake. Kikiinama kidogo tu, sauti nyembamba zinapotea. Na hapa kufuli la Blackmer linatupa fundisho kali: kwa kuwa dbx inarudisha sauti maradufu, kosa la desibeli 1 katika mashini linatoka desibeli 2 katika nyimbo. Chombo cha kufungua hakijui tofauti kati ya kosa la msomaji na neno la mwandishi. Vyote viwili kinavikuza sawa.

Je, haiwi hivyo hata katika mambo mengine? Mtu anayetaka kueleza maneno ya wazee, naye mwenyewe amepinda kwa hasira au kwa kutafuta faida, hukuza upindo wake akidhani anakuza hekima yao. Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni kujipima sisi wenyewe kabla ya kumsema marehemu.

Kuna jambo moja tena. Njia 24 zinataka vyombo 24 vya kufungua, kimoja kwa kila njia, na kufungua lazima kutangulie kuchanganya. Ukichanganya kwanza, kiasi cha kila sauti kimekwisha kuvurugwa, na hakuna chombo kitakachokirudisha. Anayesikiliza ugomvi wa kijiji na kuchanganya maneno ya watu wote kabla ya kumsikia kila mmoja peke yake, amefanya kosa lilelile.

*«Lakini inapendeza!»*

Mtu mmoja atatuuliza: «Kama sauti iliyofungwa inapendeza zaidi, kuna ubaya gani kuiacha hivyo? Marehemu haumii, na msikilizaji anafurahi.»

Hoja hii si ya kudharau. Ni kweli kwamba muziki ni kwa ajili ya furaha. Lakini tuangalie vizuri kinachotokea. Sauti isipofunguliwa, kila kitu kidogo kinabaki juu ya kiti: pumzi, minong'ono, mikwaruzo ya vidole juu ya nyuzi. Muimbaji aliyeshusha sauti kwa makusudi anasikika kama mtu anayejitokeza mbele. Ule upole ulikuwa uchaguzi wake. Ulikuwa ni neno lake, sawa na maneno ya nyimbo yenyewe. Sisi tumemnyang'anya upole wake, kisha tunasema tumempendeza.

Fikiri baba aliyekufa akaacha barua, nawe ndiwe mwenye kuisomea ukoo. Mahali alipoandika kwa upole, wewe unapiga kelele, kwa sababu watu barazani wanapenda kelele. Hujabadilisha neno hata moja. Lakini je, umewasomea barua ya baba? La, hasha. Umewasomea yako, na kutia sahihi yake.

Kumfurahisha msikilizaji ni haki, mradi hadanganywi. Ukitaka kufanya nyimbo mpya kutokana na sauti ya zamani, na una ruhusa ya wenye mali, ifanye, uiandike kwamba ni kazi yako. Uovu unaanzia pale unapoweka juu yake jina la mwenzako.

*Hoja iliyo ngumu zaidi*

Hapo wengine watafikiri kwamba tumekwisha kupata sheria: kila kilichofungwa kifunguliwe. Lakini sivyo. Katika miaka ya 1970 mafundi wengine wa studio waligundua kwamba sauti ya muimbaji ikipitishwa ndani ya Dolby A wakati wa kufunga tu, bila kufunguliwa, inapata pumzi na mng'ao mzuri. Wakafanya hivyo kwa makusudi. Walitaka ule mng'ao ubaki, nao ukabaki katika sahani zilizouzwa.

Basi tazama taabu ya fundi wetu. Kanda mbili ziko mezani. Zote mbili zina sauti kali. Moja ni kali kwa sababu haijafunguliwa. Nyingine ni kali kwa sababu watu wake walitaka iwe hivyo. Akifungua zote, anamnyamazisha mmoja. Akiacha zote, anamtia mwingine maneno kinywani. Masikio peke yake hayatoshi, na sheria peke yake haitoshi.

Anahitaji ushahidi, nao una sehemu tatu. Kwanza ni karatasi iliyowekwa ndani ya sanduku, inayoonyesha ni nani aliye katika njia ipi, mwendo wa kanda ni upi, na chombo kipi kilitumiwa. Pili ni milio ya kipimo mwanzoni mwa kanda. Tatu ni sahani iliyouzwa wakati ule, kwa kuwa waimbaji na mafundi wake waliisikia, wakaiachia itoke. Ushahidi huu ukipatana, fundi aamue kwa moyo mtulivu. Ukipingana, asijifanye hakimu upesi.

Tunaona hapa kwamba uaminifu hauishi katika kufuata mkono wa mtu aliyetangulia kama kipofu. Unataka tuulize alikusudia nini. Na kusudi la mtu halisomwi katika kitu peke yake. Linasomwa katika kitu pamoja na maneno aliyoyaacha juu ya kitu hicho.

*Na kama hakuna ushahidi?*

Mara nyingi sanduku halina karatasi. Milio ya kipimo imekatwa. Sahani haikutoka kamwe. Na kanda iliyopashwa moto haitangoji. Baada ya siku chache itaanza kunata tena. Lazima fundi atende, naye hajui.

Katika saa hiyo tunaona njia mbili za kupotea. Wa kwanza anaogopa kukosa, anarudisha kanda ghalani, na baada ya miaka michache hakuna kanda wala kosa. Mwaka 2020 UNESCO, pamoja na shirika la kimataifa la maktaba za sauti, walitoa ripoti ya kuonya kwamba mashini za kusomea kanda zinapotea, hata vipuri vyake, na watu wanaozijua wanapungua. Kwa hiyo kungoja kunadhuru pia. Wa pili ana ujasiri wa bure: anajaribu ufunguo huu na ule mpaka masikio yake yafurahi, anaandika «sauti ya asili», na kutupa kanda.

Njia ya haki iko kati yao. Fundi asimamishe kichwa cha mashini sawasawa, azungushe kanda mara moja kwa uangalifu mwingi, na ahamishe kila njia katika kompyuta kama ilivyo, ikiwa bado imefungwa. Hiyo ni nakala ya kwanza, nayo haiguswi. Kisha afanye nakala ya pili, aifungue kwa kadiri ya akili yake. Siku hizi zipo programu zinazoiga kazi ya vyombo vile vya zamani. Halafu aandike wazi: «Hapa nilikuwa na hakika. Hapa nilikisia, kwa sababu hii.» Akiisha kufanya hivyo, kosa lake halitakuwa kaburi. Mwingine mwenye ushahidi mpya ataweza kurudi kwenye nakala ya kwanza na kusahihisha.

Fundi anayeandika «nilikisia» hapunguzi heshima ya kazi yake. Mahakimu wazuri, waganga wazuri na walimu wazuri hufanya vivyo hivyo. Anayewadhuru walio nyuma yetu ni yule anayeficha shaka yake, maana anawarithisha deni wasilolijua.

Neno hili ni la maana zaidi sasa kuliko zamani. Kompyuta zinaweza kufuta mvumo wote, kutenga sauti zilizochanganywa, hata kujaza mahali palipo na pengo. Mvumo ule ni wa kanda, si wa muimbaji. Kuupunguza si dhambi. Lakini wale waliotumia Dolby walipatana wenyewe juu ya kufunga na kufungua. Kufungua ni kutimiza mapatano yao. Kufuta zaidi ya hapo ni shauri letu. Pengine ni shauri zuri, lakini ni letu, nasi tuseme hivyo.

*Deni la anayeacha*

Mpaka hapa tumesema juu ya anayepokea. Tumalize na anayeacha, kwa maana sisi sote tutaacha kitu.

Taabu nyingi za fundi zisingekuwako kama mtu, siku moja jioni katika studio, angechukua kalamu na kuandika maneno matatu juu ya sanduku: jina la chombo, mwendo wa kanda, tarehe. Hakuandika kwa sababu yeye mwenyewe alijua, na watu wote karibu naye walijua. Hakufikiri kwamba siku itakuja ambapo hakuna atakayejua. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na sisi je? Katika nyumba nyingi ziko kaseti zenye sauti ya babu akieleza ukoo, au ya kwaya ya miaka iliyopita, au ya mama aliyekwisha kufa. Zimelala ndani ya katoni, karibu na ukuta wenye unyevu, bila jina. Zitoe, ziweke mahali pakavu na penye baridi kidogo, mbali na vipaza sauti, ambavyo vina sumaku ndani. Andika ni nani anayesema, ni mwaka gani, ni mahali gani. Na kama unakumbuka kwamba kile kifungo kidogo kilibonyezwa siku ya kunasa, andika na hilo. Usipokumbuka, andika kwamba hukumbuki.

Sauti ya mtu ni amana, na amana haikabidhiwi bila ufunguo wake. Aliyeipokea aitafutie ufunguo kabla ya kuipenda au kuichukia. Atakayeiacha aufunge ufunguo pamoja nayo, wangali hai wale wanaojua.